Neno "panda gari", mashine yangu ya kusaga na wageni wa 2016 (uzi mrefu kutoka West Nile)

Mleta uzi:

Wakuu, salaam.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, nachungulia nyuzi za watu na kuondoka kimya. Juzi mtu kaandika kwamba Waganda tunapokea wakimbizi kwa sababu serikali yetu inalipwa. Nikaandika jibu, likawa refu, nikalifuta. Nikaandika tena, likawa refu zaidi. Basi nimefungua uzi. Anayetaka kusoma avute kiti.

Niko Yumbe, eneo la West Nile, kaskazini magharibi kabisa mwa Uganda. Kiswahili chetu huku ni cha sokoni na barabarani, ndugu wa Tanzania mtanivumilia.

Nianze na 1979, kwa kuwa kwetu kila habari huanzia hapo. Amin alikuwa mtu wa upande wetu. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, watu wa West Nile walijua kwamba deni lake watalipishwa wao, hata yule ambaye hajawahi kuona kivuli chake. Mzee wangu husema askari wa Tanzania waliofika huku hawakumgusa: waliomba maji, wakanunua kuku, wakapita. Balaa lilikuja baadaye. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua, na jeshi jipya la serikali likaja kulipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa humohumo misheni. Wakati huo sisi tulikuwa tumeshavuka kwenda Sudan.

Nasema "sisi" lakini mimi nilikuwa bado tumboni. Mama alinibeba hivyo kwa miguu hadi upande wa Yei, na huko ndiko nilikozaliwa.

Waliowapokea hawakuwa ndugu zetu. Walikuwa wakulima, Wakristo, wana mwembe mkubwa uani. Usiku wa kwanza mwenye nyumba alimtoa mkewe kwenye kitanda cha kamba, akamlaza Mama. Asubuhi akakamata kuku, akamletea Mzee pamoja na kisu. Mzee hakuelewa. Yule bwana akamwambia: mchinje wewe mwenyewe, kwa dua yenu, ule ukiwa na amani. Kisha akaligawa shamba lake la mihogo katikati kwa kuchomeka mti ardhini: huku kwenu, huku kwetu. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Tulilima pale miaka sita.

1987 vita vya Sudan vilitufikia hata kule. Tulikimbia usiku kurudi nyumbani, wenyeji wetu nao wakakimbilia kwao wanakojua. Hatukuagana. Hilo la kutoagana Mzee analitaja mpaka leo, na hulitaja kuliko anavyotaja nyumba yetu iliyochomwa.

Naweka hii kwanza, naenda kufunga mashine, mtandao wa huku unajua wenyewe. Nitarudi.

Mdau wa Bukoba:

Nimevuta kiti mkuu. Baba yangu mdogo alikwenda vita ile ya Kagera, alirudi na redio na kikohozi kisichoisha. Hakutusimulia hata siku moja. Endelea.

Mleta uzi:

Nimerudi.

Julai 2016 kulipigwa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na muda si mrefu moto ukafika Yei na Equatoria nzima. Agosti serikali ikafungua kambi ya Bidi Bidi hapa kwetu. Kabla ya hapo palikuwa pori la kukatia nyasi, kuwindia na kuchungia mbuzi. Mwaka haujaisha, pori lina watu zaidi ya laki mbili na nusu, na ikabidi wasitishe kuleta wapya. Kila familia ilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, ikapewa turubai, sufuria, panga na jembe. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza.

Mimi na Mzee tulikwenda Koboko, karibu na mpaka wa Oraba, nikitafuta vipuri. Kituoni watu wamejaa, wamekaa juu ya magodoro yaliyokunjwa, mmoja ameshika cherehani kama mtoto. Malori na mabasi yamepangwa tayari kuwapeleka. Dereva mmoja, kijana wa Kampala, Kiarabu cha Juba hajui, akapaza sauti kwa Kiswahili: "Haya, pandeni gari! Panda gari!"

Wageni wenyewe hawakushtuka. Aliyeshtuka ni Mzee. Alirudi nyuma hatua mbili, akaegemea ukuta, akakaa chini.

Kwa wasiojua: miaka ya mwanzo ya themanini, wakati wa serikali ya pili ya Obote, "panda gari" lilikuwa jina la msako. Askari wanazingira mtaa, wanawatenga watu, wanawaamuru kwa Kiswahili wapande lori. Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Kampala. Alipandishwa gari 1982. Hajarudi. Ndiyo maana nchi hii ina watu wazima wengi ambao wakisikia Kiswahili wanasikia buti. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na wapo waliodhani watu wanakipinga kwa sababu ya sarufi!

Mzee alipopata nguvu akamwendea yule dereva. Nilidhani atamgombeza. Akamwambia tu: "Mwanangu, neno hilo lina damu. Sema ingieni." Kijana hakuelewa, alizaliwa miaka ya tisini huyo. Lakini akasema ingieni, akamshika mkono mama mwenye cherehani akampandisha.

Mzee akasahau vipuri. Akapita kwa kila aliyesema anatoka Yei akiuliza: upande gani? Mnamjua fulani? Nyumba yenye mwembe? Nikamwona anacheka peke yake, kwa sababu Yei nzima ni miembe.

Mdau mbishi:

Hadithi nzuri lakini acha kutupambia. Mmesahau 2018? Maofisa walikuwa wameandika wakimbizi hewa, wahisani wakashika vichwa. Huruma gani hiyo? Ni biashara, na nyie wenyeji mnatumika.

Mleta uzi:

Mbishi, sijasahau. Uhakiki wa alama za vidole wa 2018 uliishusha hesabu kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Watu laki tatu hivi walikuwa wino. Hapa Yumbe hakuna aliyeshangaa.

Ila unachanganya mambo mawili. Hesabu ilikuwa ya maofisa, ardhi ilikuwa yetu. Huku ardhi ni ya koo, si ya serikali. Wazee walikaa chini ya mti wakakubali itumike, na hawakulipwa kodi ya pango. Waliahidiwa barabara, shule, zahanati, na kwamba asilimia 30 ya misaada itawafikia wenyeji. Nilikuwepo siku moja mzee mmoja alipoulizwa na mgeni wa shirika kama anaamini ahadi hizo. Alicheka hadi akakohoa. Akasema: mimi sikumpa serikali, nilimpa huyu mwenye mtoto mgongoni.

Kama wazee wale wangengoja kwanza waiamini serikali, watu wangekuwa bado wamekaa Oraba juu ya magodoro.

Na usidhani kulikuwa na asali. Vijana wetu waliandamana kwa sababu kazi za mashirika zilikwenda kwa watu wa kutoka mbali. Kuni ndiyo ilikuwa balaa kubwa: miti ya mpaka wa shamba la shangazi yangu ilikatwa yote msimu mmoja, hadi mti wa mafuta uitwao shea, ambao kwetu kuukata ni kama kuchinja ng'ombe wa maziwa. Shangazi alitoka na mwichi. Aliyekuwa anakata ni mama mwenye mimba. Akashusha mwichi, akakaa chini wote wawili wakalia, kila mmoja kwa sababu yake. Kuni zilibebwa na zikaondoka. Mti haukuota tena. Shangazi hadi leo ana hasira na hadi leo yule mama humletea bamia.

Kwingine hakukuwa na bamia. Septemba 2020 kule Rhino Camp wenyeji na wakimbizi walipigana na watu wakauawa. Silipambi hilo.

Sasa mashine. Mgawo ulikuwa unakuja mahindi ya punje. Punje hulii, lazima usage, na kusaga ni hela. Hela mgeni hana, kwa hiyo anauza sehemu ya mahindi ili asage yaliyobaki. Wenye mashine wengine walikuwa wanachota bakuli kwa kila debe. Nami nilichota wiki ya kwanza, siwafichi. Wiki ya pili akaja bibi mmoja na mahindi kwenye kitenge, hata debe hayafiki. Akasimama anatazama bakuli langu. Hakusema kitu. Alikuwa anahesabu, unaona kabisa midomo inatembea: watoto wangapi, siku ngapi.

Nikamwambia achukue unga wote, mimi nibaki na pumba. Pumba nikauzia wafuga kuku. Faida ilikuwa ndogo lakini dizeli ililipika. Wenzangu wenye mashine wakaja kunigombeza kwamba naharibu soko, na mmoja hatujazungumza vizuri hadi leo. Mambo yakawa magumu zaidi mgawo ulipoanza kupunguzwa: 2020 ukakatwa asilimia 30, na 2023 watu wakapangwa kwa makundi, wengine asilimia 60, wengine asilimia 30, wengine hawapati kabisa. Siku hizi mashine yangu inazimwa saa nane mchana.

Mdau wa Gulu:

Nimesoma tangu mwanzo na nimesita kuandika. Mimi ni Muacholi. Jeshi lile lililowakimbiza 1980 lilikuwa limejaa watu wa kwetu na Walango. Mjomba wangu alikuwemo, alipangwa Arua. Alifariki bila kutuambia alichofanya huko, na sisi hatukuthubutu kumuuliza.

Najua mtasema na Amin alianza kwa kuwaua askari wetu kambini 1971. Ndiyo. Kila upande una mwaka wake wa kuanzia kuhesabu.

Halafu zamu yetu ikafika. Vita vya Kony na waasi wake wa LRA vilidumu kwetu miaka ishirini. 1996 serikali ikatuamuru tuhamie kambini, eti kwa usalama wetu, na kufikia 2005 kaskazini nzima watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wameacha nyumba zao. Waasi wanakushuku wewe ni wa serikali, serikali inakushuku wewe ni wa waasi. Ukichelewa kurudi kambini kutoka kuchimba muhogo, askari anaweza kukupiga risasi akidhani wewe ni yule mwingine.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka kumi. Kila jioni tulikuwa tunatembea kwenda kulala mjini Gulu ili tusitekwe. Watoto maelfu, kila mmoja na gunia au blanketi kichwani. Sisi tulilala kwenye veranda ya duka moja. Mwenye duka hakuwahi kutusemesha, mkali kweli, lakini alikuwa anaacha taa ya nje inawaka usiku kucha na asubuhi ndoo ya maji iko mlangoni. Umeme ulipokatika aliweka koroboi. Nikiwa mkubwa ndiyo nikajua mafuta ya taa yalikuwa bei gani.

Juni mwaka ule Askofu Mkuu Odama na viongozi wenzake wa dini walikuja kulala nje pamoja na watoto, siku nne. Nakumbuka tulicheka kwa sababu hatukuwa tumewahi kuona askofu amebeba gunia.

Kuna mama mmoja anajulikana nchi nzima, Angelina Atyam. Binti yake alitekwa na waasi hao pamoja na wenzake usiku mmoja shuleni Aboke, Oktoba 1996. Wasichana 139 walichukuliwa. Sista Rachele Fassera aliwafuata waasi porini kwa miguu, akarudi na 109. Thelathini wakabaki, binti wa Mama Angelina akiwemo. Yeye na wazazi wenzake walipopiga kelele dunia ikasikia, waasi wakamtumia ujumbe: nyamaza, tutakurudishia wako. Akakataa. Akasema wote au hakuna. Binti alitoroka mwenyewe 2004. Nina watoto wawili sasa, na nikifikiria jibu lile nashindwa kulala. Sijui kama ningeweza. Nadhani nisingeweza.

Binamu yangu alirudi kutoka porini. Tulimpokea kwa desturi: anakanyaga yai bichi mlangoni, kuna tawi la mti wa opobo na fimbo ya kufungulia ghala, layibi, anaruka ndani. Bibi yangu ndiye aliweka yai, wakati tetesi zilikuwa zinasema kundi la huyo binamu lilipita kijiji cha dada yake Bibi. Hakuuliza. Lakini msidhani yai lilimaliza kila kitu. Majirani walikuwa wanawaita watoto wao ndani akipita. Alipanga chumba mjini, anaendesha bodaboda, huja Krismasi tu.

Ndugu wa Yumbe, sijui naomba nini hapa. Nimeona tu niseme mjomba alikuwa Arua.

Mleta uzi:

Ndugu wa Gulu, nimekaa na post yako tangu jana. Nimemsomea Mzee, nikimtafsiria. Akanyamaza. Halafu akasema mwambie habari ya Karuma.

1996 nilikuwa na miaka kumi na tano, naenda Kampala. Barabara yetu wakati huo ilikuwa inapita kwenu, Pakwach hadi daraja la Karuma, na magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara na askari kwa sababu waasi walikuwa wanavizia. Msafara wetu ulipigwa. Nilitoka dirishani, nikakimbia porini bila viatu na watu wengine wanne. Jioni tukatokea kwenye nyumba tatu za nyasi. Alikuwepo mama mzee peke yake. Lugha hatuelewani. Alitutazama miguu, akatusukuma ndani ya ghala la simsim, akaziba mlango kwa kapu. Tulikaa humo usiku na mchana, tunasikia watu wanapita wanamhoji, naye anajibu kwa sauti ya kuchoka kama mtu anayesumbuliwa usingizi. Wangetukuta wangemuua kabla yetu. Alitupa muhogo wa kuchemsha na odii, ile siagi yenu ya simsim na karanga. Tangu siku hiyo sijala tamu kuliko ile.

Mama yule alijua sisi ni watu wa West Nile, maana tulikuwa tunaongea Kiaringa kwa kunong'ona. Huenda naye alikuwa na mtoto aliyewahi kupangwa Arua. Sijui. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani na mimi sikumuuliza.

Mzee anasema mjomba wako asiombewe msamaha na wewe, hilo si lako. Lakini ukija Yumbe kuku yupo, na kisu utapewa wewe.

Mdau wa Nakivale:

Jambo wote. Miye ni Mukongomani, wa Rutshuru, mashariki ya Kongo, niko Nakivale tangu 2012. Hii kambi ni ya zamani sana, iko hapa kabla Uganda haijapata uhuru. Huku tuko Wakongo, Warundi, Warwanda, Wasomali. Watu ambao kule nyumbani wanapigana, huku wanasimama mustari mumoja wa maji.

Jirani yangu anasema Kinyarwanda. 2022 M23, wale waasi ambao wengi wanasema Kinyarwanda, walipokamata Bunagana kule kwetu, hatukusalimiana miezi mbili. Miye nilikuwa naona kama yeye ndiye aliikamata, na yeye alikuwa naona namna ninamuangalia. Kisha bibi yangu akashikwa na uchungu wa kuzaa usiku. Nilipiga mlango wake kwa sababu ni yeye tu ako na kinga. Alitoka na kaptula, akamuweka bibi nyuma, tukasukuma ile kinga mpaka hospitali, yeye mbele, miye nyuma, kimya yote. Mtoto ni muzima. 2025 Goma ilipoanguka kwa M23 tulikosa tena kusalimiana, wiki moja hivi. Ni hivyo tu, siongezi.

Mdau wa Bukoba:

"Kinga" huko kwenu ni baiskeli, si ndiyo? Nimecheka na kulia kwa pamoja. "Wiki moja hivi."

Mdau mbishi:

Haya, nimesoma yote. Bado nasema serikali inapiga hela. Ila lile la pumba nimelikubali. Una namba ya simu ya malipo? Nataka kumsagia yule bibi debe mbili.

Mleta uzi:

Mbishi, serikali inapiga hela, wala sikubishii. Namba siweki hadharani, humu matapeli wamejaa, na wewe sikujui nami hunijui. Kuna mashine za kusaga karibu na kwako pia. Nenda usimame pale siku ya mgawo au siku ya njaa, utamwona bibi wako.

Yule wangu alirudi Sudan Kusini 2019 kuchungulia shamba, akakaa miezi mitatu, akarejea amekonda. Kuna amani ya karatasi, akasema, ya miguu bado.

Mzee amefika umri wa kusahau jina la mjukuu, lakini akisikia mtu anatoka Yei bado anauliza upande gani. Karibu miaka kumi sasa. Wajukuu wanamwigiza. Hajampata hata mtu mmoja anayeijua ile nyumba.

Mgeni (post ya kwanza):

Samahani, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Niko Arua lakini kwetu ni Yei. Babu yangu alipokea watu wa Uganda miaka hiyo, kama familia mbili au tatu, nilisikia tu kwa mama. Huo mwembe, ulikuwa upande gani wa mto?

Mleta uzi:

Ndugu, kule kwenu kila boma lina mwembe, usinipe presha.

Ngoja nikamuulize Mzee. Taa yake bado inawaka.